Kumshika mkono mfanyabiashara mgeni Kampala: mwongozo kwa aliyetangulia

Naandika kwa ajili yako wewe uliyefika Uganda miaka kadhaa iliyopita, ukahangaika, ukasimama, na sasa una meza sokoni, cherehani, saluni au kibanda cha chakula. Kila mwezi wanafika wengine kutoka Goma, Bukavu, Uvira, Bujumbura, Mogadishu. Wanapanga chumba Nsambya, Katwe, Kansanga, Masajja au Kisenyi, na wakishalala siku mbili tatu wanakuja kukuuliza: "Mama, hapa mtu anaanzaje?" Ukiwajibu kwa dakika tano huku unahudumia wateja, hujawasaidia. Hata semina ya siku tatu haitoshi ikiwa peke yake.

Sheria haimzuii mgeni huyu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kufanya kazi, kufanya biashara na kutembea nchini, kitu ambacho nchi nyingi hazikitoi. Lakini anayechagua kuishi Kampala badala ya makazi ya wakimbizi kama Nakivale au Kyangwali anategemewa ajitegemee, na kodi ya nyumba haimsubiri ajifunze mji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliohoji wakimbizi nchini Uganda walitoa ripoti yao 2014: mjini Kampala, mkimbizi mmoja kati ya watano alikuwa na biashara iliyoajiri mtu mwingine, na katika kila waajiriwa 10 wa biashara hizo, 4 walikuwa Waganda. Kwa hiyo ukimsimamisha mtu mmoja vizuri, hata jirani yake mwenyeji anaweza kupata kazi.

Hatua ya 1: Tafuta jozi kabla ya kutafuta ukumbi

Vikundi vingi vya kusaidia wageni huanzia kwenye ukumbi. Viti vinapangwa, mwalimu anaalikwa, watu wanaandika, wanapiga picha, wanarudi nyumbani. Jumatatu mgeni yuko barabarani na shida ile ile: hajui anunue wapi, hajui nani mkweli.

Ushahidi wa jambo hili uko karibu nasi. Huko Dandora, Nairobi, watafiti waliwafuatilia wanawake vijana wenye biashara ndogo. Wengine walipewa mafunzo ya darasani, wengine waliunganishwa na mama mzoefu wa mtaa huo huo, na kundi la tatu halikupewa kitu. Matokeo yalichapishwa 2018. Waliokaa darasani walibadilisha namna ya kuweka hesabu, lakini faida yao haikupanda. Waliopata mama wa mtaani, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20, na sababu kubwa ni ya kawaida kabisa: yule mama aliwaonyesha mahali pa kununua kwa bei nafuu.

Basi mlezi wa biashara, yule mzoefu atakayefanya jozi na mgeni, umchague kwa vigezo hivi: anafanya kazi katika soko au mtaa ambao mgeni atauzia, ameshika biashara miaka mitano au zaidi, na amewahi kuanguka akainuka. Tajiri wa kikundi si lazima awe mlezi bora. Aliyewahi kupoteza mtaji wote anajua dalili zake mapema, na hamcheki mwenzake.

Utakutana na hofu moja ambayo wengi hawaisemi waziwazi: "Nikimfundisha, atanichukulia wateja." Ni hofu ya haki, usiikemee. Iondoe kwa kupanga vizuri. Muuza vitenge wa Nsambya alee muuza vitenge atakayefanya kazi Ndejje. Au mwache muuza viatu amlee muuza vitenge wa mtaa huo huo: bidhaa ni tofauti, lakini mtaa, wateja na wasumbufu ni wale wale. Zaidi ya hapo, watu wawili wa bidhaa moja wakinunua pamoja kwa jumla, kila mmoja anapata bei ambayo peke yake asingeipata.

Mlezi mmoja asichukue wageni zaidi ya watatu.

Hatua ya 2: Kaa naye siku nzima kabla ya kumshauri

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wetu tunaporuka. Nenda naye asubuhi, tembea naye, rudi naye jioni. Usifundishe kitu siku hiyo. Angalia tu, na uandike.

Nitakupa mfano wa dada mmoja kutoka Uvira niliyetembea naye. Alinunua vitenge 10, kila kimoja shilingi 30,000, jumla 300,000. Alikuwa akiviuza 40,000. Akaniambia kwa furaha kwamba vikiisha atakuwa na faida ya 100,000. Viliisha baada ya siku nne. Tulikaa kwenye mkeka wake, tukahesabu moja moja.

Vitenge 7 viliuzwa kwa 40,000 taslimu: 280,000. Kimoja alikiuza 33,000 saa moja usiku kwa sababu watoto walikuwa hawajala. Viwili vilikwenda kwa mkopo, 80,000, kwa wateja ambao mmoja wao alimjua kwa jina la mtoto tu. Pesa iliyoingia mkononi ikawa 313,000. Taksi na boda boda 8,000 kwa siku, siku nne, 32,000. Chakula cha mchana 4,000 kwa siku, 16,000. Alibakiwa na 265,000. Mtaji ulikuwa 300,000.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana kila nikirudi kununua, vitenge vinapungua." Hata wadeni wote wakilipa, faida yake ni 45,000 kwa siku nne, wala si laki moja. Alikuwa hodari wa kuuza. Hakuna aliyekuwa amemkalisha na kumhesabia nauli.

Hesabu ya namna hii, ya bidhaa yake mwenyewe na siku zake mwenyewe, inafundisha zaidi ya mfano wowote wa kitabuni. Ifanye pamoja naye, yeye akishika kalamu. Ukimaliza, muulize swali moja tu: "Unataka tupunguze nini kwanza?" Dada yule alichagua mikopo. Akaweka sharti kwamba anayetaka kukopa alipe nusu kwanza na aache namba ya simu, na aipigie simu hiyo palepale kuona kama inaita. Nauli tuliishughulikia baadaye, kwa kumpangia mitaa ya upande mmoja siku moja badala ya kukata mji huku na huku.

Hatua ya 3: Mifuko miwili na daftari moja

Usianze na vitabu vikubwa vya uhasibu. Katika Jamhuri ya Dominika, watafiti walilinganisha mafunzo kamili ya hesabu na kanuni rahisi za mkononi, kama vile kutenga pesa ya biashara na pesa ya nyumbani katika droo mbili. Matokeo yao ya 2014 yalionyesha kwamba kanuni rahisi ndizo zilizobadilisha kazi za watu, hasa wale ambao hawakuwa na elimu kubwa.

Kwetu droo ni mfuko. Mfuko wa kwanza ni wa mtaji: pesa ya kununulia mzigo inarudi humo kila jioni kabla ya sukari, kabla ya vocha ya simu. Mfuko wa pili ni wa nyumba. Mwenye simu anaweza kuacha pesa ya mtaji kwenye laini na ya nyumba mkononi, ila mlezi amkumbushe kwamba kutoa pesa kwenye simu kunakatwa ada na kodi ya asilimia 0.5, hivyo asitoe kidogo kidogo kila siku.

Daftari liwe na safu nne: tarehe, iliyoingia, iliyotoka, anayedaiwa. Asiyejua kuandika amtafute mtoto wake anayesoma. Jioni dakika kumi zinatosha. Nimeona mama anayechora kitenge kwa kila mkopo na kukifuta akilipwa, na hesabu zake zilikuwa safi kuliko za wanaume waliosoma.

Daftari lina faida nyingine ambayo wageni wengi hawaijui. Kwa viwango vya kodi ya biashara ndogo vilivyoanza Julai 2020, mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka hayatozwi. Mwenye mauzo ya milioni 20 na kumbukumbu za kuonyesha analipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, yaani 40,000. Asiye na kumbukumbu analipa 80,000. Kwa mauzo ya milioni 45, mwenye daftari analipa 155,000 na asiyenalo 200,000. Mwambie mgeni wako maneno hayo, atalitunza daftari kama anavyotunza kitambulisho.

Hatua ya 4: Karatasi, na umsindikize mara moja

Kinachotangulia vyote ni kitambulisho cha mkimbizi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, au ile barua ya familia, inayoonyesha kwamba wamesajiliwa, akiwa bado anasubiri. Bila hiyo hata laini ya simu ni shida. Tangu 2019 wakimbizi wanaruhusiwa kusajili laini kwa hati hizo. Laini iwe kwa jina lake mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki ni sawa na kuweka akiba mfukoni mwa mtu mwingine.

Jina la biashara linasajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali, namba ya kodi ya TIN inatolewa na URA, mamlaka ya mapato, na namba hiyo haina malipo. Anayedai pesa anadai ujira wa kukujazia fomu, na mgeni ajue hivyo kabla hajatoa. Leseni ya biashara inatoka kwa mamlaka ya mahali duka lilipo. Hapa watu hupotea: Nsambya na Katwe ziko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, lakini Masajja na Ndejje ziko Wakiso, chini ya manispaa ya Makindye Ssabagabo. Kila malipo yana namba ya kulipia benki au kwenye simu, na risiti. Pesa ya mkononi kwa mtu aliyesimama mlangoni isitolewe.

Kuhusu uchuuzi wa kutembea barabarani, uwe mkweli. Januari 2022 KCCA iliwaondoa wachuuzi katikati ya jiji, na mtu akikamatwa anaweza kupoteza mzigo wote kwa siku moja. Najua wengi huanzia hapo kwa sababu hawana kodi ya meza. Umshauri abebe mzigo mdogo, awe na mahali pa kudumu haraka iwezekanavyo, hata nusu ya meza kwa mtu, na auze kwa wateja wa kuitana kwa simu na makanisani ambako anajulikana.

Msindikize ofisini mara ya kwanza. Mara ya pili akuache nje. Mara ya tatu aende peke yake.

Hatua ya 5: Luganda ya soko, wiki mbili za mwanzo

Kiswahili kinatutosha sisi kwa sisi, na mafunzo yafanywe kwa Kiswahili bila aibu. Lakini mteja wa Kampala anahesabu kwa Luganda, na hesabu ndiyo inayoumiza. Mgeni akisikia "bitaano" anadhani ni tano, yaani elfu tano. Kumbe ni mia tano. Elfu tano ni "nkumi ttaano". Elfu moja ni "lukumi". Elfu kumi ina jina lake, "mutwalo", na elfu ishirini ni "emitwalo ebiri". Mfundishe namba hizo huku anashika noti zenyewe, mpaka akisikia neno mkono uende kwenye noti bila kufikiri.

Kisha maneno machache: "ssente mmeka?" mteja anauliza bei, "nsalirako" anaomba umpunguzie, "ssebo" kwa mwanaume na "nnyabo" kwa mwanamke, na salamu kabla ya bei. Mwenyeji ukimsalimu kwa lugha yake, hata akicheka matamshi yako, anasimama.

Hatua ya 6: Akiba kwanza, mkopo baadaye

Wakongomani tunaijua likelemba, Waganda wana nigiina: kila mtu anachanga, mmoja anachukua, zamu inazunguka. Ni nzuri kwa kununua kitu kikubwa, lakini haimsaidii aliyepatwa na ugonjwa kabla ya zamu yake. Kwa mgeni napendelea kikundi cha kuweka na kukopa. Mfumo huu ulianzishwa na shirika la misaada la CARE nchini Niger mwaka 1991 na sasa umeenea Uganda nzima: watu 15 hadi 25, kila mkutano mtu ananunua hisa moja hadi tano, pesa zinawekwa kwenye sanduku la kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Wanachama wanakopeshana kwa riba ndogo, na mwaka ukiisha wanagawana kila mtu kwa hisa zake. Hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wote. Sanduku lisilofunguliwa mbele ya watu livunjwe mapema, kabla urafiki haujavunjika.

Akishatunza daftari kwa miezi sita anaweza kufikiria taasisi ya mikopo midogo. UGAFODE, kwa mfano, ilifungua tawi ndani ya makazi ya Nakivale kuwahudumia wakimbizi. Kwa wakopeshaji wa mtaani, mfundishe kuuliza swali hili: "Nikichukua 300,000, siku ya mwisho nitakuwa nimelipa shilingi ngapi jumla?" Asiyeweza kulijibu kwa namba moja asichukuliwe pesa yake. Na kitambulisho cha mkimbizi kisiachwe rehani kwa yeyote, kwa sababu yoyote.

Hatua ya 7: Mipaka ya mlezi

Nilikosea mwaka wa kwanza, na kosa langu bado linaniuma. Nilimkopesha dada mmoja 150,000 za mzigo. Mzigo ulinyeshewa na mvua akiwa Katwe. Hakuniambia. Alianza kupita barabara nyingine asinione, na nikampoteza kabisa, wakati ambapo alinihitaji kuliko siku zote. Tangu hapo kikundi chetu kina kanuni nne: mlezi hamkopeshi anayemlea, hashiki pesa zake, hamuuzii mzigo kwa faida, hachukui "asante" ya pesa. Shida ya fedha inapelekwa kwenye kikundi cha akiba, ili mlezi abaki mtu wa kuambiwa ukweli.

Kanuni ya tano inahusu heshima, na siifanyii mzaha. Wageni wengi ni wanawake waliopitia mambo mazito njiani. Mwanamke alelewe na mwanamke inapowezekana. Ikishindikana, kukutana ni sokoni au dukani, mchana, si nyumbani wala usiku. Tangu siku ya kwanza apewe jina na namba ya mama mmoja wa kikundi, ambaye si mlezi wake, wa kumpigia akiona jambo lisilo sawa. Mama huyo akipigiwa, anaamini kwanza, anauliza baadaye.

Hatua ya 8: Sasa ndiyo darasa

Baada ya mwezi mmoja au miwili ya kutembea pamoja, mgeni ana maswali yake mwenyewe. Hapo mpeleke darasani, atafaidi. Kampala kuna pa kugonga: YARID, shirika lililoanzishwa 2007 na vijana wakimbizi wa Kongo, lina mafunzo ya lugha na ufundi, Jesuit Refugee Service inafundisha Kiingereza na kazi za mikono, Enterprise Uganda inatoa mafunzo ya ujasiriamali kwa yeyote. Kabla hajajiandikisha aulize lugha ya somo, siku na saa, kama watoto wanaruhusiwa, na nani atamtembelea baada ya cheti.

Mkiendesha masomo yenu wenyewe, yawe saa mbili, jambo moja kwa somo moja, siku ambayo soko limepoa. Jumamosi na mwisho wa mwezi msimwite mtu. Na mkeka wa watoto uwe ndani ya chumba hicho hicho.

Hatua ya 9: Ratiba ya mwaka

Mwezi wa kwanza na wa pili mtembelee kila wiki. Kuanzia wa tatu hadi wa sita, mara mbili kwa mwezi. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi, mpaka mwaka utimie. Msikate ghafla: kule Dandora faida iliyopatikana ilififia pale jozi zilipoacha kuonana. Simu ya dakika tano Jumapili jioni inaweza kuushikilia uhusiano kwa miaka.

Kila ziara, andikeni namba tatu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake: mtaji alionao leo, akiba iliyo kwenye sanduku, na madeni anayodai watu. Mwaka ukitimia, fungueni ukurasa wa kwanza na wa mwisho, msome wote wawili kwa sauti. Dada wa Uvira alipofika siku hiyo alikuwa na mtaji wa vitenge 22 na nusu ya meza Nsambya. Alikuja amemshika mkono msichana mmoja aliyefika kutoka Goma wiki iliyopita, akamkalisha kwenye mkeka, akampa kalamu.